Kofia Yenye Alama za Meno

Mtu akikutana na Hatungimana, kitu cha kwanza kulivutia jicho lake ni kofia. Ni kofia ya kitambaa, kijani iliyopauka, na ukingo wake wa mbele una safu ya alama za meno. Wageni hudhani imetafunwa na mbwa. Hatungimana huwaacha wadhani hivyo.

Ana miaka hamsini na minne. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni. Leo ni raia, analima mihogo Rungwe Mpya, na msimu wa kukata mikaratusi huwa mpiga ishara kwenye lori la magogo. Kazi yake ni kusimama upande ambao mwendesha winchi hauoni, na kumwambia: vuta, simama, legeza.

Lori lenyewe ni kuukuu. Lilichakaa kwenye misitu ya Pwani, na tajiri mmoja wa Kasulu aliponunua chuma hicho, kilikuja pamoja na mwendeshaji wake, Shamsi, mzaliwa wa Rufiji. Breki ya winchi ilikuwa imelika, na ni mguu wa Shamsi tu uliojua namna ya kuibembeleza.

“Mzee Hatu,” Shamsi alipenda kumtania, “mbona kila siku ‘regeza, regeza’? Herufi ya l mliiacha mpakani?”

“Tuliiacha ilinde nyumba. Wewe vuta waya, herufi niachie mimi.”

Asubuhi moja, mvua ikiwa imekatika muda mfupi tu, gogo lilikuwa linaning’inia ubavuni mwa lori. Mpakiaji mmoja, Moses, akainama chini yake kuokota mnyororo. Hatungimana alimwona, Shamsi hakumwona. Hofu ikamkaba mzee, Kiswahili chote kikamruka, ikabaki lugha ya mama yake.

“Reka! Reka!”

Kwa Kirundi alikuwa amesema: acha! Lakini sikio la Shamsi lilikuwa limeshazoea “regeza”. Katika ngurumo ya injini alisikia mwanzo wa neno, mwisho akajijazia mwenyewe. Akalegeza.

Gogo lilimwangusha Moses na kumbana mguu wa kulia chini ya goti. Matope ndiyo yaliyomwokoa, maana mguu ulididimia badala ya kusagika. Lakini gogo nalo lilikuwa linadidimia, polepole, likiufuata.

“Si umesema nilegeze!” Shamsi alilia.

“Nimesema uache!”

“Gombaneni kesho,” Moses akasema, midomo imekauka. “Kwanza liondoeni.”

Mashine nyingine ya kuinulia ilikuwa Kasulu mjini, na barabara ilikuwa utelezi mtupu. Hapakuwa na njia ila kulinyanyua kwa winchi ileile, kwa watu walewale wawili. Waya ukiteleza mara moja, gogo lingerudi juu ya Moses.

Hatungimana alisogea hadi Shamsi akauona mkono wake wote. “Kiganja juu, vuta. Kiganja chini, legeza. Ngumi, simama. Mdomo wangu usiusikilize kabisa.”

“Na ukipiga kelele, mzee?”

Hatungimana akavua kofia, akaiuma.

Kiganja kikapanda. Waya ukakaza, ukalia. Gogo likainuka kidogo, likaacha mwanya usiotosha hata ngumi. Wapakiaji wawili wakamshika Moses kwapani, wakasubiri. Kiganja tena. Ghafla breki ikateleza, gogo likashuka vidole viwili, Moses akaguta. Neno lilimjaa Hatungimana kooni, likagonga meno, nayo meno yakazama kwenye kitambaa. Akakunja ngumi, akaiinua juu ya kichwa. Shamsi hakuitazama midomo yake, aliitazama ngumi. Akakandamiza breki kwa miguu yote miwili, jasho likimtiririka. Gogo likasimama.

“Mtoeni!” akafoka Shamsi.

Wakamvuta. Hatungimana hakuitoa kofia mdomoni mpaka gogo lilipolazwa chini, mbali na watu.

Leo ni wiki ya tisa. Wawili hao wamekaa kwenye benchi hospitalini Kabanga, nje ya mlango uliofungwa. Ndani, Moses ametolewa plasta, na daktari amesema leo ataukanyagia mguu kwa mara ya kwanza, akiegemea fimbo. Ukikubali, atatoka kwa miguu yake. Usipokubali, wataanza upya kwa kisu. Jana aliwatumia ujumbe: “Mliniangusha kwa lugha mbili, njooni mnipokee kwa zote mbili.”

“Mzee, ‘karibu’ kwenu mnasemaje?” Shamsi ananong’ona.

“Kaze.”

“Kaze,” Shamsi anarudia. “Kaze. Hakuna l humo?”

“Hamna. Uko salama.”

Nyuma ya mlango, fimbo inagonga sakafu. Mara moja. Kimya kirefu. Mara ya pili, karibu zaidi. Shamsi anasimama. Hatungimana anavua kofia, anaipeleka mdomoni, na macho yote mawili yako kwenye kitasa.