Jani Nililolifunga kwenye Chupa ya Uji

Hili sijamsimulia mtu yeyote wa kwetu Malindi, maana wao wanaamini nilivuka mpaka kuja Tanzania kuwafaa watu, na aibu niliyojipaka huku Kirua Vunjo, mbele ya ukoo mzima uliokaa kwenye mabenchi ya kuazima, hainitoki hata nikioga mara tatu kwa siku (na kwa baridi ya huku, jamani, hata mara moja ni ushujaa).

Nilikuja kujitolea miaka miwili, nifundishe shule ya awali ya kijiji. Tulifika Moshi sita, wenzangu watano Wazungu wa Ujerumani, tukawekwa wiki nzima tufundishwe mila za Wachagga, na mimi siku ya pili tu nikaona hayo ni mambo ya wageni, mimi Mswahili wa pwani nifundishwe Uafrika na nani, nikaomba ruhusa kwenda kununua laini ya simu na sikurudi mpaka magharibi. Siku hiyo ndiyo walifundishwa habari za isale. Wajerumani wanazijua, mimi sizijui.

Nikapangiwa kukaa kwa Mama Deo, mjane, mama aliyenipokea kama bintiye wa kumzaa. Alikuwa na kidonda kimoja tu: shemeji yake, Mzee Aloyce, kaka wa marehemu mumewe, alikuwa ameusogeza mpaka wa kihamba, lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, akameza mistari minne ya mibuni aliyoipanda marehemu kwa mikono yake. Wakawa hawasalimiani. Mama Deo aliomba akaomba, hatimaye ukoo ukakubali kukaa Jumamosi kuisikiliza kesi, mashahidi walikuwa tayari, na kila mtu alijua haki ni yake.

Basi Jumatano ya wiki hiyo Mama Deo kateremka mjini kliniki ya presha, na mimi nina mwalimu mwenzangu, Neema, mkwe wa huyo huyo Mzee Aloyce, amejifungua mtoto wa kike. Nikajiambia kitoto kichanga hakina kesi na mtu. (Sisi watu wa kujitolea tuna ugonjwa huu, hatuwezi kuona jambo likatupita bila kutia mkono.) Nikapika uji wa pilipili manga anaonyweshwa mzazi kwetu, nikautia kwenye chupa ya chai ya Mama Deo, ile nyekundu yenye mpini wa waya inayojulikana kijiji kizima, na kwa kuwa kwetu zawadi haiendi uchi nikatafuta asumini niipambie, wapi, nikachuma kwenye uzio jani moja refu linalong'aa, nikalifunga fundo shingoni mwa chupa. Likapendeza, nikapiga na picha.

Mzee Aloyce alikuwa mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaliona jani. Aliipokea chupa kwa mikono miwili, kisha akaniuliza taratibu:

"Mama Deo ndiye amekutuma?"

Neno "hapana" lilikuwa hapa kwenye ncha ya ulimi. Lakini niliona macho yamemlegea, nikaona nikikataa nitaiharibu zawadi, na uongo wa heri umemuua nani?

"Ndiyo mzee, anawasalimu sana."

Nikapewa soda, nikapakatishwa mtoto, nikamwimbia. Mama Deo aliporudi sikumwambia kitu, nikasema kesi yake ipite kwanza.

Jumamosi ukoo ukakaa pale pale uwanjani kwetu. Mama Deo alivaa kitenge kipya. Mwenyekiti wa ukoo hajamaliza kufungua kikao, Mzee Aloyce akasimama, akatoa kwenye mfuko wa koti lile jani, limenyauka lakini fundo bado lipo, akaliinua wote walione. Akasema shemeji yake amekiri kosa na kumpelekea isale mpaka nyumbani, naye hana moyo wa jiwe, amemsamehe, kesi hakuna tena.

Mwanamke aliyekaa ubavuni mwangu ndiye aliyeninong'oneza kwamba jani lile la uzio ndilo isale, na ukimpelekea mtu umekiri kuwa umemkosea, naye hana ruhusa ya kukataa kukusamehe, hata kama kosa ni la damu. Mama Deo alikuwa akilitazama lile jani kama mtu aliyeletewa barua yenye jina lake na mwandiko wa mwingine.

Nikasimama bila kuitwa, nikasema kwa Kiswahili changu chote cha Malindi kwamba ni mimi, sikujua, nililifunga kwa urembo tu. Watu wakacheka. Mzee Aloyce hakucheka, aliniuliza kwa upole ule ule wa mlangoni:

"Mwalimu, Jumatano ulisema amekutuma. Ulidanganya siku ile, au unadanganya leo?"

Vyovyote ningejibu nilikuwa mwongo, na shahidi mwongo anamsaidia nani? Mwenyekiti akasema chupa ni ya Mama Deo, mjumbe ametoka nyumbani kwake, na isale likishapokelewa halirudishwi. Mpaka leo sijui kama Mzee Aloyce aliniamini siku ile ya Jumatano, au alijua kila kitu akaniacha nijifunge mwenyewe.

Mama Deo aliinuka, akajifunga kanga vizuri kiunoni. "Mwalimu, kaa chini," akasema, "acha watu wale." Akaanza kupakua mtori wa ndizi, na mistari minne ya mumewe ikaenda hivyo.

Nilimfuata jikoni nikilia, nikamwomba anitukane, hakunitukana. Nikasema nitaomba nihamishwe. Akaniambia nikiondoka watasema alinituma kisha akanificha, kwa hiyo nikae nimalize miaka yangu. Nimebakiza miezi kumi na minne. Kuuliza si ujinga, walishasema wahenga, na mimi mjukuu wao nikaona hainihusu. Sasa nimeapa sitabeba hata salamu ya mtu asiyenituma.

Kwa Mzee Aloyce ninapendwa mno. Yule mtoto wamempa jina langu, Zuhura, paroko akaongezea Maria. Kila asubuhi Neema humwita kwa sauti kule upande wa pili wa mibuni, na Mama Deo huacha kumenya ndizi, ananitazama kidogo, kisha anaendelea kumenya.