Joto la Kupeleka Lushoto

Kaskazi ikiingia, Mtambile yote ilinuka karafuu. Zilianikwa uani juu ya majamvi, jua likizipika tangu asubuhi, na harufu yake kali ikakaa kwenye nguo, kwenye maji ya mtungi, hata kwenye wali. Mwaka ule nilikuwa na miaka minane hivi. Joto lilizidi, na baba akatangaza kwamba mavuno yakiisha tutakwenda Lushoto kupoa. Mdogo wake, Ami Salim, alikuwa mtunza bustani wa hoteli moja huko mlimani, na chumba cha kutupokea alikuwa nacho.

Mama hakuwahi kutoka Pemba. Alipanga na kupangua: meli hadi Tanga, garimoshi hadi Mombo, kisha basi la kupanda mlima. Alitushonea makoti kwa blanketi kuukuu, akakausha pweza wa kumpelekea shemeji yake. Jirani yetu, Bi Zuwena, alikuja kila jioni kumtania.

"Fatma we, baridi ya huko hung'oa meno! Utarudi kibogoyo."

"Nitarudi mweupe, hutanijua," mama akamjibu, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mimi sikucheka. Kwetu mtu akishikwa na baridi hunyweshwa maji ya karafuu, yautie mwili moto. Nikawaza: nikinywa mapema, nitafika mlimani na akiba. Siku tatu nilichota karafuu kwa siri, nikazichemsha hadi maji yakawa meusi, nikayanywa yote. Asubuhi ya safari, lori likipiga honi barabarani, nilikuwa nimejikunja sakafuni, natapika, mdomo umebabuka.

Baba alisimama mlangoni na mizigo, hajui aingie au atoke. Mama aliniangalia, kisha akavua buibui lake taratibu.

"Nenda, bwana. Mdogo wako anakungoja. Mimi, Lushoto itaningoja."

Haikumngoja. Mwaka uliofuata mikarafuu haikuzaa, na baada ya hapo baba akaanza kuugua. Mimi niliacha shule mapema, nikazurura bara, Lushoto nikafika mara nne bila hata kuipanga. Leo safari ile ni nyepesi kuliko zamani, ila magoti ya mama yamekataa. Kila nikirudi nyumbani hunitaka nimsimulie njia, kituo kwa kituo. Juzi niliiruka Soni, akanishika mkono.

"Usinipitishe mbio, mwanangu. Bado sijaona."