Mbegu za Kiazi Pori

Mama mkwe wangu sikumpenda akiwa hai, na sioni sababu ya kumpenda sasa kwa kuwa amekufa. Najua si adabu kumsema mtu aliye kaburini. Nitamsema.

Niliolewa kutoka Ngara kuja upande wa Nyakahura, Biharamulo, miaka ile Waingereza walipokuwa wakihamisha watu kwa ajili ya mbung'o na malale. Nyumba zilizotawanyika porini ziliachwa, tukaamriwa kujenga pamoja karibu na barabara, na vichaka vyote vya jirani vikafyekwa. Nilikuwa katika mwaka wa pili wa ndoa na sijazaa. Mama mkwe alikwisha kumwona binti mwingine aliyemfaa zaidi mwanawe, wala hakunificha. Kila asubuhi nilipiga magoti nikamwamkia shikamoo, naye akaitikia huku akitazama kuku.

Katika kuhama kule hakuisikitikia nyumba. Alisikitikia kiazi pori kilichopanda juu ya wigo wa minyaa. Kiazi pori ni ndugu wa kiazi kitamu, ila hakiliwi. Maua yake ni ya zambarau, hufunguka alfajiri na kusinyaa jua likishika. Kikikatwa shina, mvua ikinyesha huchipua tena kutoka mzizini, mwaka hadi mwaka. Ng'ombe akizaa na kondo la nyuma likagoma kutoka, mama mkwe alitwanga majani yake na kumnywesha. Kwa dawa hiyo watu walimjia kutoka mbali, na heshima ile aliipenda kuliko chakula. Mume wangu alichimba mzizi mmoja auhamishe. Ulikuwa mnene kama paja, ukavunjika, na baada ya siku chache ukaoza. Zikabaki mbegu.

Nikatumwa mimi, peke yangu, katika pori ambalo jumbe alikuwa amelikataza kwa sababu ya mbung'o. Ilikuwa safari ya nusu siku. Kile kimea huchanua sana lakini huzaa vifuko vichache, na kifuko kikishakauka hupasuka na kumwaga mbegu majanini. Kwa hiyo nilichana kaniki yangu ya zamani, nikavifunga vifuko kimoja kimoja kwa vitambaa, nikarudi nyumbani, na baada ya siku nne nikaenda tena kuvifungua. Nusu ya mbegu zilikuwa zimetobolewa na wadudu. Nilikwenda mara tatu. Mbung'o waliniuma mgongoni hadi nikashindwa kulala chali.

Nilipozileta, mama mkwe alizichambua mwenyewe. Nusu akazifunga katika pindo la nguo yake, akasema ni za akiba. Nusu akanipa nizipande, akasema mbele ya mume wangu kwamba zisipoota kabla ya mvua kwisha, njia ya kwetu Ngara naijua.

Aliyasema kama mzaha, lakini mimi sikucheka. Ng'ombe watatu wa mahari yangu walikuwa wamekwisha kutolewa kumwoza kaka yangu. Kama ningerudishwa, baba angelazimika kuwarudisha ng'ombe ambao hakuwa nao, na mke wa kaka, aliyekuwa na mtoto mgongoni, angerudishwa kwao. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa akikaza kamba ya kiatu.

Nilipanda. Hazikuota. Nilimwagilia, nikaweka samadi, nikangoja, na nilipofukua nilizikuta ngumu na nyeusi kama nilivyozifukia. Nilimwuliza mama mkwe kama kuna jambo nimekosea. Akasema ardhi ya Biharamulo imenikataa, na ya kwetu huenda ikanipokea.

Siku hiyo nilishika jembe nikalichapa lile tuta kwa hasira tu, nikilitukana kwa Kihangaza, lugha ya kwetu, ili wasinielewe vizuri. Mvua ikanyesha. Siku ya tano niliona miche miwili, majani yake ya kwanza yamepasuka katikati kama kwato za mbuzi. Niling'oa mmoja nikautazama. Ganda la mbegu lilikuwa bado limening'inia, na lilikuwa na jeraha la jembe.

Nikakaa chini nikafikiri. Kisha nikafukua mbegu zote zilizobaki, nikazisugua juu ya jiwe la kusagia ulezi, polepole, mpaka kila moja ikatoka ngozi upande mmoja. Nikazipanda wakati mama mkwe yuko msibani kwa ndugu yake. Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Baada ya siku sita tuta zima lilikuwa limeota.

Mama mkwe alirudi jioni, mume wangu akiwa ameketi mlangoni. Nilimpokea mzigo, nikamwambia tu kwamba kiazi pori kimeota. Alikwenda kwenye tuta, akainama, akang'oa mche mmoja, akaligeuzageuza ganda la mbegu vidoleni. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nani amekwambia uzikwaruze?"

Mume wangu aliinua kichwa.

"Wewe, mama," nikasema. "Sasa hivi."

Kumbe alijua tangu mwanzo kwamba lazima zikwaruzwe, akaniacha nimwagilie mbegu zisizoweza kuota, huku zake zikisubiri katika pindo mpaka niondoke. Mume wangu alinyanyuka, akamwambia mama yake kwamba habari ya Ngara asiisikie tena ndani ya nyumba yake. Ndiyo mara pekee aliyowahi kusimama upande wangu, na ilimchukua miaka miwili.

Kiazi kile kilipanda juu ya wigo wangu, na mbegu zake nilizikusanya mimi. Zile za pindoni zililiwa na wadudu. Watu wenye ng'ombe wakaanza kugonga kwangu. Mama mkwe naye alikuja kila alipohitaji majani, na kila mara nilijifanya sikusikia, mpaka aombe mara ya pili.