Shanga za Kuzunguka Afrika

Mtu akifanya biashara ya meli muda mrefu hujikuta amekuwa mwongo bila kukusudia. Mteja anakuuliza friji yake itafika lini, unamwambia mwisho wa mwezi, na wewe mwenyewe unaamini kabisa. Halafu bahari inaamua mambo yake. Mimi nina duka Kitengela, nauza friji, majiko ya umeme na mashine za kufulia zilizotumika Ulaya. Binti wa dada yangu, ambaye ni muuguzi Ujerumani, huzikusanya kwa watu wanaohama nyumba, kisha tunagawana kontena na wafanyabiashara wenzangu. Kwa miaka mingi safari ya kontena hilo niliijua kama ninavyoijua njia ya kwenda sokoni. Meli inatoka Hamburg, inapenya Suezi, inateremka Bahari ya Shamu, na baada ya muda si mrefu napigiwa simu kutoka Mombasa niende na pesa.

Ujuzi huo ndio ulionifanya nifungue mdomo siku ya mazungumzo ya harusi.

Mwanangu alikuwa amepata mchumba, msichana wa Kimaasai kutoka upande wa Kajiado, na tulikuwa tumeenda kwao na wazee wetu, mbuzi wetu na mablanketi yetu. Sisi ni watu wa Murang'a tuliohamia Kitengela, na kwa mazungumzo ya namna hii huwa tunajiandaa kubishana hadi jioni. Hatukubishana. Wazee wa upande ule walikuwa wapole, chai ilikuwa na maziwa mengi, na mambo ya ng'ombe yaliisha kabla mume wangu hajamaliza kuyatolea hotuba. Ndipo mama wa msichana akaomba kusema.

Alikuwa mwanamke mrefu, asiye na maneno mengi, shingo yake imejaa shanga nyekundu na nyeupe ambazo hata mimi nisiyejua mambo hayo niliona si za juzi. Alisema hana neno na kijana wetu. Neno lake lilikuwa moja tu. Binti yake wa kwanza alipoolewa, alimtungia shanga za kununua mjini, zile za bei rahisi. Siku ya harusi mvua ilinyesha, rangi nyekundu ikatoka, ikateremka kifuani na kwenye nguo nyeupe mbele ya wageni wote, na mpaka leo kuna watu wanaoicheka harusi ile. Huyu sasa ni kitinda mimba wake. Hatatoka kwao na shanga zinazolia. Atavaa zile za kioo, zinazotengenezwa Ucheki, na kama hazipatikani basi watu wangoje mpaka zipatikane. Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira tungejua pa kuanzia kumbembeleza.

Mume wangu alikuwa anatafuta maneno mazuri ya kupendekeza duka fulani la Nairobi. Mimi nilimwahi. Nilisimama, nikanyoosha leso yangu, nikasema shanga waniachie mimi, kwa sababu mimi ni mtu wa meli, na Ucheki iko mlango wa pili kutoka kwa mpwa wangu. Mume wangu alinikanyaga mguu. Nilimkanyaga pia, kwa nguvu zaidi.

Usiku huo niliitafuta Ucheki kwenye ramani na kugundua kwamba haina bahari. Kajiado nayo haina bahari. Nilikuwa nimeahidi kutoa kitu mahali pasipo na bahari, nikipeleke mahali pasipo na bahari, kwa njia ya bahari. Nilicheka peke yangu mpaka mume wangu akawasha taa.

Mpwa wangu hakuniangusha. Alinunua shanga za kutosha kuwavika wanawake wa tarafa nzima, akazifunga kwa taulo na kuziweka ndani ya mashine ya kufulia, kule nguo zinakozungukia. Akanipigia picha. Mashine ikaingia kwenye kontena, kontena likapanda meli, nami nikaendesha gari hadi Kajiado kumwonyesha mkwe wangu, yule mama wa msichana, simu yangu.

Siku hizi, kwa wasiojua, meli huonekana kwenye simu. Kuna programu ambayo unaandika jina la meli, unaona nukta ndogo baharini. Nilimkuta na wanawake wenzake kwenye kivuli cha tangi la maji, wanakata vipande vya jerikeni la mafuta ya kupikia vya kutenganishia safu za shanga. Walinisalimu kwa Kimaasai, "Takwenya", nikaitika "Iko" kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi ndani ya gari, nao wakacheka kwa heshima. Nilipitisha simu mkono kwa mkono. Kila mmoja aliitazama ile nukta. Ilipomfikia mkwe wangu, aliitazama muda mrefu kuliko wote, kisha akanirudishia taratibu, kwa mikono miwili.

"Mbona inaenda huko," aliuliza, "na sisi tuko huku?"

Hilo ndilo swali ambalo nilikuwa nimejiuliza tangu asubuhi. Nukta ilikuwa ikiteremka upande wa magharibi wa Afrika, mbali kabisa na njia yangu ya sokoni. Nilieleza kwamba Bahari ya Shamu kuna vita, meli zinarushiwa makombora, kwa hiyo wenye meli wameamua kuzungukia kusini, kule kwenye Rasi ya Tumaini Jema, halafu zipande tena hadi kwetu. Alisikiliza vizuri sana. Akasema ni kweli, mtu hapitishi ng'ombe mahali kuna wezi. Kisha akauliza kama njia ni ndefu hivyo, nani analipa majani ya njiani. Nikasema mimi. Wanawake walicheka mpaka mmoja akaangusha kisu, na kuanzia siku hiyo jina langu Kajiado likawa Mama Meli.

Na ilikuwa kweli kwamba nalipa mimi. Nauli ya kontena ilikuwa imepanda, na bima nayo ikapanda nyuma yake. Zamani nilifikiri habari za bahari za mbali ni za wanaume wa kinyozi wanaotaka kuonekana wamesoma. Sasa mteja wangu wa Kitengela, ambaye kazi yake ni kuchonga mawe machimboni na anataka tu friji ndogo ya kuuzia soda, alikuwa anasimama dukani kwangu akinigombeza kwa sababu ya watu wasiojua hata kwamba Kitengela ipo. Nilimweleza habari za Suezi na zile za Rasi. Aliniambia kama ni hadithi angeenda kanisani, za huko angalau ni bure.

Harusi ilikuwa imeshapangwa. Kadi zilikuwa zimechapishwa, hema limelipiwa, mchungaji amekubali. Kila wiki nilipiga simu Kajiado kutoa taarifa ya safari, na kila wiki mkwe wangu alinisikiliza kwa upole uleule, akiuliza nukta iko wapi kama mtu anayemuuliza mgonjwa amelalaje. Ilipopita Rasi nilifurahi mpaka nikanunua soda za duka zima. Ikaanza kupanda upande wetu. Nikajiona nimeshinda.

Ndipo wakala wetu wa forodha akapiga simu kutoka Mombasa. Meli kubwa ile haitakuja Mombasa tena. Wenye meli wamechelewa, wanataka kurudi haraka, kwa hiyo mizigo ya kwetu wameishusha bandari nyingine njiani, na itangoja hapo meli ndogo ya kuileta. Nilimuuliza meli ndogo itakuja lini. Akasema ikija atanipigia. Nikamwambia hilo ndilo jibu ninalowapa wateja wangu, asinipe mimi. Sikulala. Nililia pia, naona hakuna haja ya kuficha. Kosa la kuzunguka halikuwa langu, lakini ahadi ilikuwa yangu, na nilimwona yule mama mbele ya macho yangu amesimama akiwaambia wageni warudi makwao.

Nilimpigia asubuhi na kumweleza yote. Nikasema nitaenda Nairobi mwenyewe, nitatafuta za kioo duka kwa duka.

"Wacha," alisema. "Siku ya harusi wewe kuja tu. Na mtu akikuuliza mambo ya meli, usikatae."

Sikuelewa, na niliogopa kuuliza. Nilienda harusini nimevaa vizuri na nimejiandaa kuaibika vizuri.

Msichana alitoka nyumbani kwa mama yake akiwa na shanga kutoka kidevuni mpaka mabegani, safu juu ya safu, nyekundu nzito iliyotulia, na nyeupe isiyo na doa. Wanawake walipiga vigelegele. Mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa Isinya, na hakuna aliyeyatazama. Mama yake alinyanyua mkono, watu wakanyamaza, akasema kwa Kimaasai halafu kwa Kiswahili, ili wa kwetu pia tusikie.

"Hizi shanga zimeletwa na mkwe wangu. Zimekuja na meli. Zimezunguka Afrika yote ndio zifike hapa."

Nilipigiwa vigelegele mimi. Mimi, ambaye shanga zangu wakati huo zilikuwa zimekaa ndani ya mashine ya kufulia, kwenye bandari nisiyoijua. Mzee mmoja wa upande wao alinishika mkono na kutaka kujua huko Rasi kuna baridi kiasi gani. Nikakumbuka nimeambiwa nisikatae. Nikamwambia kuna baridi ya kupasua midomo. Akauliza mabaharia wanakula nini. Nikasema ndizi. Mume wangu alikuwa ananitazama kama anayeona mke mpya, na mwanangu alikuwa anakohoa ndani ya kitambaa.

Nilimpata mkwe wangu nyuma ya nyumba, kwenye masufuria. Alikuwa amejifunga shuka mpaka juu, na lilipoteleza niliona shingo yake. Ilikuwa tupu. Ngozi ya pale ilikuwa na rangi tofauti na ya usoni, ngozi ya mahali ambapo jua halijafika miaka mingi. Zile shanga alizovaa siku ya mazungumzo alikuwa amezifumua zote na kuzitunga upya kwa kipimo cha binti yake. Kama wenzake walijua, hakuna aliyefungua mdomo.

"Zilikuwa za wapi?" niliuliza, ingawa nilishaona.

"Za mama yangu. Alinivalisha siku nilitoka kwao."

Nilishikwa na aibu na hasira, vyote kwa pamoja, na hasira sikujua nimwekee nani, wenye makombora au wenye meli. Nikamwambia meli ikifika atapata zake zote, kila kipande, mimi mwenyewe nitazileta. Alinipapasa bega kama unavyompapasa mtoto anayeahidi kukujengea nyumba.

"Sawa, mkwe," alisema. "Ikifika."

Ilifika. Muda ulikuwa umepita, mwanangu na mkewe walishahamia Nkoroi na kuanza kubishana kuhusu mapazia kama watu wote. Kontena lilipofunguliwa sikuangalia friji hata moja. Nilipanda juu ya majiko ya watu, nikaifikia mashine yangu, nikaufungua mlango wake wa duara na kuingiza mkono mpaka kwenye kwapa. Vibarua walidhani nimepoteza pete. Nilitoa lile taulo la shanga, nikafunga duka mchana na wateja wakiwa nje, nikashika barabara ya Namanga.

Mkwe wangu alikuwa peke yake nyumbani, anaosha vibuyu. Shingo bado ilikuwa tupu. Niliweka taulo mezani na kulifungua, mafungu kwa mafungu, nyekundu, nyeupe, buluu, kijani, zote za kioo, zikitoa ule mlio wake mdogo zinapogusana. Alikaa. Alichukua uzi mmoja wa nyekundu, akauweka kwenye ulimi, akausugua kwenye shuka nyeupe, akaangalia kama umeacha rangi. Haukuacha. Akausugua tena. Kisha akaninyanyulia macho, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona ameshangaa.

"Kumbe kulikuwa na meli," alisema.

Nikamuuliza ana maana gani, na kama alidhani nilikuwa namdanganya, ile nukta tuliyoangalia pamoja alifikiri ni nini. Alisema alifikiri ni mchezo wa simu, ule watoto wanachezanga. Hata msichana wake alimwambia ni kweli, lakini yeye alijua msichana amependa, na mtu akipenda anaamini kila kitu. Meli ya kuja Kajiado kwa kupitia upande ule mwingine wa Afrika hakuiamini hata siku moja.

"Na ukasimama mbele ya watu," nilisema, "ukawaambia imefika."

"Msichana alikuwa anakuja kwako. Singemtuma kwa nyumba ya mtu amechekwa kwa uongo wa meli."

Alisema hivyo akiwa ameinama, anatafuta sindano. Nilikaa chini kando yake, akanipa mwisho wa uzi nishike.