Nyumba Isiyopigwa X

Wapimaji walipopita mtaani kwetu wakipiga X nyekundu kwenye nyumba zitakazobomolewa, walifika kwangu, wakaangalia karatasi zao, wakaenda zao. Jumapili ile nilipeleka jogoo kanisani, sadaka ya shukrani. Nilimbeba mbele ya majirani waliopigwa X, wala sikuona haya.

Nyumba yangu iko pale reli mbili za mizigo zinapokutana, ya zamani nyuma, mpya mbele. Tulikuwa tukitokea upande uliobaki wazi, na huko ndiko walikopitisha reli ya tatu ya kuziunganisha. Kiangazi chote nilikaa kibarazani na vumbi la kokoto mdomoni, nikitazama katapila likisukuma udongo wa tuta, kisha mataruma ya zege ya kulazia reli yakishushwa moja moja. Majirani walishalipwa, wakahamia Chang'ombe. Mimi nilitazama tu, kama mtu anayetazama shughuli ya wenzake. Nilikuja kuelewa siku walipofunga kipande cha mwisho. Nilichukua ndoo niende bombani, na kila nilikogeukia palikuwa na tuta la reli.

Nilipanda tuta kwa magoti. Juu nilimkuta msimamizi wa ujenzi, kijana mwenye adabu zake. Akaniamkia shikamoo, nikamwuliza mimi nimewekwa fungu gani la fidia. Akafungua ramani, akatafuta mpaka nikamwonea huruma.

"Lakini mama, wewe reli haijakupitia."

Ni kweli. Na kwa hilo nilitoa jogoo.