Karanga Ndani ya Sura ya Tatu

Ijumaa ile, zikiwa zimebaki siku tatu niwasilishe tasnifu yangu chuoni, nilirudi nyumbani Schaerbeek, huku ughaibuni, nikakuta meza yangu tupu. Sura ya tatu nzima, kurasa arobaini za mwandiko wangu, nakala pekee, haikuwepo. Bila tasnifu hakuna kadi ya ukaazi, na bila kadi ningerudishwa Bukavu, kwenye vita nilivyovikimbia.

Nilikuwa naandika maisha ya mwanamke Mmarekani wa karne ya kumi na tisa. Alifungua shule ya wasichana katika chumba kimoja, wanaume wa mji wakimcheka, kisha akawaandikia wanafunzi wake vitabu mpaka macho yake yakaharibika. Nakiri nilimpenda yule mama kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Mama mdogo, aliyenipokea miaka miwili kabla, alikuwa jikoni akikaanga karanga zake za kuuza Matonge, mtaa wa saluni za Waafrika. Kwetu karanga hufungwa kwa karatasi za daftari. Mifuko ya plastiki aliidharau, alisema inazitoa jasho. Kwenye kiti kando yake niliona mwandiko wangu. Zilibaki karatasi nne. Nyingine alikuwa amezipeleka tangu asubuhi, saluni hadi saluni, zikiwa zimejaa karanga.

Nilimfokea, mtu aliyenipa kitanda chake. "Mama mudogo, haukuona kama hii iko na maandishi?"

"Niliona, maman," alisema taratibu, kwa Kiswahili chetu cha Bukavu kilichochanganyika na Kifaransa. "Mais makaratasi yote ya hii nyumba iko na maandishi. Njo nitajua namna gani ile ya maana ni gani?"

Nilikaa chini sakafuni. Nyani haoni kundule. Mimi, niliyefundisha darasa la kwanza miaka sita, nilikuwa nimejaza kurasa juu ya haki ya msichana kusoma, na katika miaka miwili sikuwahi kumwonyesha huyu hata herufi moja.

Nilikwenda Matonge nikaingia kila saluni. Wanawake waliosukwa nusu kichwa walinikung'utia karanga mapajani wakanirudishia karatasi. Nilipata kumi na moja, nyingi zimelowa mafuta. Nililia kwenye ngazi za kituo cha metro cha Porte de Namur mbele za watu, wala sikuona aibu.

Jumamosi asubuhi nilikaa kuandika upya, kichwa kikagoma. Mama mdogo aliniletea chai, akavuta kiti.

"Bon, nielezee ule mwanamuke."

Nikamweleza, na nilivyokuwa nikieleza nikawa naandika. Alisikiliza siku nzima, akiinuka tu kupika. Tulipofika mwisho akauliza, "Na mwenye alikuwa anamupikia wakati anaandika, alimufundisha kusoma?"

Nilikuwa nimesoma kila kitabu kilichomhusu. Hakuna hata kimoja kilichomtaja mpishi wake. Nilikusanya kurasa zangu, nikazipanga.

Jumatatu niliwasilisha. Kadi nikapata, kazi nikapata, nikahamia Uccle, upande wa pili wa mji. Jumamosi ile ya kuandika upya nilikuwa nimeapa moyoni kwamba nitamfundisha, tena mara tu tasnifu ikiisha.

Mama mdogo ni mzee sasa. Akipata barua, hupanda tramu kuja kwangu nimsomee.