Cheti cha Dada Yake

Kila mwaka maafisa wa vitambulisho hutujia shuleni, na kila mwaka kazi ya kuwaandaa wanafunzi wa kidato cha nne hutupiwa mimi, eti kwa sababu nina subira. Sina subira. Nina sauti kubwa tu, na mkuu wa shule amezichanganya hizo mbili.

Shule yetu ni ya kutwa, hapa Muthangari, Nairobi. Wazazi wengi wanafanya kazi nyuma ya kuta za matajiri wa Lavington: mabawabu, watunza bustani, wapishi. Bila kitambulisho mtoto wao hapati kazi yoyote, na jeshini ndiko wengi wanakotaka kwenda. Nimesikia kuna nchi ambazo vijana huburutwa kuwa askari. Huku kwetu vijana hupigana vikumbo mlangoni waingie.

Mwaka huo alikuwapo msichana mmoja aliyelitaka jeshi tangu kidato cha kwanza. Kabla hakujapambazuka alikuwa barabarani Kileleshwa akikimbia, na darasani alikuwa akisinzia, jambo lililoniudhi sana. Siku ya kukagua karatasi alinipa cheti chake cha kuzaliwa. Nikapiga hesabu.

"Wewe una miaka ishirini?"

Akatazama viatu vyake. "Madam, ongea na mathe."

Mama yake alikuja saa ya chakula cha mchana, aproni ikichungulia chini ya sweta, maana alikuwa ameomba ruhusa ya dakika chache kwa mwajiri wake. Nilimwonyesha cheti. Hakunizungusha.

"Mwalimu, hii ni ya yule wa kwanza."

"Wa kwanza yuko wapi?"

"Tulimzika. Alikuwa na miaka miwili."

Huyu wa pili alizaliwa nyumbani, kijijini huko magharibi, mikononi mwa nyanya yake, na hakuna aliyekwenda kumwandikisha. Walipohamia Nairobi na shule ya msingi ikadai cheti, mama alikuwa na kimoja tu ndani ya nyumba. "Nikaona wote ni watoto wangu," aliniambia. "Na mwenyewe hakitumii."

Ikawa rahisi kuliko ilivyostahili. Kwetu mama huitwa kwa jina la kifungua mimba wake. Majirani na watu wa kanisani walikuwa wakimwita kwa jina la yule marehemu, kwa hiyo binti alipoanza shule na jina hilo, kila mtu aliona mambo yamekaa sawa. Jina lake mwenyewe lilibaki la kuitiwa nyumbani, mlango ukiwa umefungwa.

Nilikasirika. Niliwaeleza njia iliyo halali: kurudi kijijini, barua ya chifu, kiapo kwa wakili, kuandikisha uzazi uliochelewa, halafu kuomba majina ya mtihani wa taifa yabadilishwe, nayo yalikuwa yameshatumwa. Huenda ingechukua mwaka mzima, huenda miwili. Na huenda mahali fulani katikati mtu angemuuliza mama kwa nini alidanganya serikali.

"Madam, hiyo jina nimeizoea," binti akasema. "Niandikishe tu. Tafadhali."

Ningependa kuandika kwamba nilikataa. Niliijaza fomu kwa mkono wangu mwenyewe, kisha nikampanga kwenye foleni ya kupakwa wino vidoleni. Nilijiambia namsaidia mtoto wa maskini. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka, na njia fupi ilikuwa mbele yangu.

Alifaulu mtihani, akapata kitambulisho, na jeshi lilipotangaza nafasi nilimsindikiza hadi uwanjani. Wakampima kimo, wakamkagua meno na nyayo, wakamkimbiza, wakamwandika namba mkononi kwa kalamu ya wino mzito. Jioni, kwenye orodha ya waliochukuliwa, afisa alipolisoma jina la yule mtoto aliyekufa, msichana wangu alijibu "Afande!" kabla halijaisha. Nilipiga kelele za furaha kama mwendawazimu. Baadaye, nikimtafutia soda, niliona aibu, wala sikumwambia.

Siku moja kabla ya binti kuripoti mafunzoni, mama alikuja tena shuleni, safari hii na barua ya jeshi na fomu ya jamaa wa karibu. Alitaka nimsomee yote. Nilisoma: nguo za kubeba, vyeti vya kubeba, nani atajulishwa likitokea jambo. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti.

"Mwalimu, wale wanaotumwa huko mpakani, wengine wanarudi kwa sanduku."

"Mama, usianze hayo."

"Nauliza tu. Akirudi hivyo, wataandika jina gani kwa msalaba?"

"Lile la kitambulisho."

Akatikisa kichwa polepole. "Hiyo nilishazika. Msalaba yake iko kule nyumbani, nyuma ya jikoni. Sasa huyu nitamzika kama nani?"

Nilimwambia binti yake hatakufa. Nilisema haraka, kwa ile sauti yangu kubwa, hadi walimu wenzangu wakageuka. Mama aliinyoosha ile fomu mezani, akachukua kalamu yangu, akaniuliza anatia sahihi wapi. Nikamwonyesha.